Mkate Usiofunikwa

Kina mama wa Sikuda, kijijini kwetu karibu na Busia, walimwita Mama Klabu, na sikumbuki kumsikia mtu akimwita jina jingine. Hata katekista alipotaka kumpa nafasi ya kusema kanisani alisimama na kutangaza kwamba Mama Klabu ana neno. Alikuwa na jina la ubatizo, na jina la kwao Mulanda, upande wa Tororo, pia, lakini hayo ni mali ya watu wa kwao. Mimi namkumbuka akiwa mbele ya meza, kisu mkononi, mkate umelala mbele yake, na kina mama wa makabila manne wakimtazama kama wanaotazama mtu anayetahiriwa.

Niliolewa kutoka upande wa Kenya, kwa Wasamia wenzetu, nikaletwa upande wa Uganda wakati nchi zote mbili zilikuwa bado zinajifunza kupandisha bendera zao. Mpaka wa Busia ulikuwa gogo lililolazwa juu ya mapipa, na askari aliyewajua watu kwa sura na kwa mizigo yao. Mume wangu alikuwa fundi baiskeli pale Busia, karibu na maduka ya Wahindi. Yeye ndiye aliyenitajia Mama Klabu kwanza. Aliniambia kuna mama mmoja anayepanda baiskeli ya kiume, anatumwa na ofisi ya maendeleo kufundisha wanawake vijijini, na kila juma anakuja kugombana naye juu ya breki. Breki zikimkamata sana analalamika kwamba zinamwangusha. Zikilegezwa analalamika kwamba fundi anataka afe. Mume wangu alimpenda kwa sababu alikuwa mteja asiyenyamaza.

Klabu ilikutana alasiri moja kila juma, katika jengo la kanisa lenye bati. Mara yangu ya kwanza kwenda ilikuwa masika. Mvua ilikuwa imeponya kila kitu. Kila mwanamke alikuja na alichochuma asubuhi ile: majani ya kunde, mgagani, mchicha, majani ya maboga yenye manyoya bado, nyanya ndogo za shambani, vitunguu vya majani. Mama Klabu alizikagua mboga zile jinsi mnunuzi anavyokagua ng'ombe mnadani. Aliinua bua, akalivunja karibu na sikio lake. Likilia, aliliweka mezani. Likipinda bila kusema kitu, alilirudisha kwa mwenyewe.

"Hii imelala," alisema. "Mboga ya kulala peleka kwa mbuzi."

Hakuna aliyekasirika, maana alisema vile vile kwa mke wa chifu na kwa mimi mgeni.

Mkate wenyewe aliununua upande wa pili, kwa Mhindi mmoja aliyeletewa mikate kwa lori. Alivuka gogo na kurudi, mikate imefungwa katika kitambaa cha mfuko wa unga uliofuliwa mpaka ukawa mweupe, na kisu chake chenye meno kimelala juu yake. Askari mpya aliwahi kumsimamisha kwa sababu ya kisu kile. Mama Klabu hakubishana. Alifungua kitambaa juu ya pipa, akakata slesi moja, akampa, akasema sasa ameona kazi ya kisu, na kama kuna kazi nyingine aijuayo yeye amweleze. Askari alikula. Tangu hapo alimfungulia kabla hajafika.

Alikata mkate kama fundi anayepima ubao, polepole, bila kuukandamiza, na kila slesi ilikuwa sawa na dada yake. Kisha alizianika slesi juu ya wavu, juu ya makaa yaliyokwisha kutulia, mpaka zikakakamaa kidogo, ili mboga isije ikazilowesha. Wakati huo sisi tulikuwa tumesaga karanga na simsim zilizokaangwa, juu ya jiwe, mpaka zikatoa mafuta zenyewe. Hiyo ndiyo ilikuwa siagi yetu. Siagi ya kopo ilikuwepo madukani, naye hakuikataza, ila alisema haina habari yoyote ya kumwambia mtu wa Tororo.

Alipopaka, alipaka mpaka ukingoni. Kona ya mkate iliyoachwa kavu ilimuudhi kuliko mtu aliyechelewa. "Mtu wa kupata kona pia ni mtu," alisema, na msemo huo ukawa wetu. Mpaka leo nikiona ugali umegawanywa kwa upendeleo huwa nasikia sauti yake.

Juu ya karanga zilikuja mboga. Kunde changa zilizopita motoni kwa muda mfupi tu, bila maji mengine ila yaliyobaki majanini zilipooshwa. Mgagani uliochemshwa, ukamwagwa maji machungu, ukarudishiwa maziwa na kukamuliwa. Halafu nyanya iliyokatwa nyembamba hata unaona kidole upande wa pili, na vitunguu vya majani vilivyonyunyizwa kama mtu anayepanda mbegu za wimbi. Na hapo aliacha. Hakuweka slesi nyingine juu.

Mwanamke mmoja wa Kiteso, mzee kidogo, aliuliza mfuniko uko wapi, kwa kuwa alikuwa ameona mikate ya wazungu wa Tororo ina mfuniko. Wengine wakaanza kucheka na kuuita mkate uchi. Mama Klabu alingoja wamalize.

"Chakula yenye unaficha, unaogopa nini?" alisema. "Wacha macho ikule kwanza."

Tuliyapenda maneno hayo, tukayachukua nyumbani, na kwa muda mrefu tuliamini kwamba yalikuwa elimu aliyoletewa kutoka mbali. Ni baadaye sana, siku moja tunaosha vyombo, alipotuambia bila kuona haya kwamba mwanzoni alipewa fedha za mikate miwili kwa wanawake ishirini na zaidi. Angefunika, nusu yetu tungetazama wenzetu wakila. Kwa hiyo hakufunika, halafu akatafuta maneno. Tulicheka mpaka sahani moja ikavunjika, na yeye ndiye aliyecheka kuliko wote.

Kiswahili chake kilikuwa cha mpakani, cha soko na cha kituo cha basi. Ngeli zote alizitia kapu moja. Nami niliyetoka upande wa Kenya, niliyefundishwa na mwalimu mwenye fimbo, nilikuwa nikisikia "mkate hii" na "maji iko" mwili unanisisimka. Mwenzangu mmoja, pia wa Kenya, alithubutu kumsahihisha mbele ya watu. Mama Klabu alimsikiliza vizuri, akarudia neno kama alivyofundishwa, kisha akasema kwamba Kiswahili ni kikapu, na mzigo ukifika salama hakuna anayekiuliza kikapu kilifumwa na nani. Akaendelea na "mkate hii" yake. Pale klabuni kulikuwa na Wasamia, Wajopadhola, Wateso na Wajaluo, na bila kikapu kile kibovu tusingeelewana hata juu ya chumvi.

Mvua zikiisha, na mikate iliisha. Hilo lilikuwa sharti lake. Wakati wa kiangazi tulimwomba, tukamwambia kuna kabichi sokoni, imetoka Mbale kwa gari. Alikataa. Kiangazi alitufundisha kushona, kuchimba choo, kumlaza mtoto mwenye homa. Alisema chakula kile ni cha mboga iliyochumwa leo, na mtu akikila kila wakati atasahau kushukuru mvua. Sikumwelewa siku hizo. Nilidhani ni ukaidi tu, na huenda ukaidi ulikuwemo.

Maana hakuwa malaika. Alikuwa na hasira ya ghafla. Niliwahi kumwona akimfokea mjane maskini kwa kutia sukari kwenye nyanya, mpaka yule mama akaondoka analia. Juma lililofuata Mama Klabu alimpelekea kitambaa cha meza, akakiacha mlangoni bila kusema samahani, kwa kuwa neno hilo lilimshinda katika lugha zote alizozijua. Alituhimiza kuhusu saa, na yeye mwenyewe alichelewa, amelowa matope, baiskeli begani. Alikagua kucha zetu kama mwalimu wa darasa la kwanza, kisha akazunguka nyuma ya jengo kunusa ugoro, akapiga chafya, akarudi kunawa mikono upya huku akitutazama kama tumethubutu kuona. Alitufundisha kutandika meza, kuweka sahani na maua katika kopo, lakini yeye alikula wima karibu na moto, ugali wa wimbi mkononi, akisema akikaa mezani tumbo linafikiri liko kwenye mkutano.

Mwaka mmoja vilabu vyote viliitwa Tororo kwa maonyesho. Tulijiandaa kama harusi. Tulipanda basi na vikapu vyetu, mboga zimefunikwa majani ya migomba, tukapanga mikate yetu juu ya meza ndefu uwanjani, mwamba wa Tororo ukitutazama kwa nyuma. Ilikuwa mizuri, kijani na nyekundu na rangi ya karanga. Wakubwa waliokuja kukagua walikuwa bado meza ya kwanza, ile ya keki, ilipokuja mvua ya upepo. Turubai liling'oka. Tulipolirudisha, mikate yetu ilikuwa imekuwa uji. Wenye mifuniko waliokoa kitu. Sisi hatukuwa na mfuniko. Nilimtazama Mama Klabu nikitegemea machozi au matusi. Aliangalia meza kwa muda, akachukua slesi moja iliyolegea, akaonja.

"Chumvi iko sawa," alisema.

Kisha akawaita watoto waliojibanza kwenye ukuta kukwepa mvua, na uji ule wa mkate ukaisha kwa viganja. Hatukupata zawadi. Ndani ya basi alianzisha wimbo wa kanisa, akaukosea maneno, nasi tukaimba makosa yake mpaka Busia. Nimeshindwa katika mambo mengi tangu siku ile, na mara nyingi nimeanza kwa kuuliza kama chumvi iko sawa.

Sasa nifike kwenye mayai.

Siku hizo, kwetu Wasamia na kwa majirani zetu wengi, mwanamke hakula kuku wala yai. Kuku alikuwa wa wanaume na wageni. Yai lilikuwa baya zaidi: mwanamke akilila, watu walisema, anakula watoto wake mwenyewe, na tumbo lake litafunga. Mama Klabu alipinga jambo hilo kuliko yote. Alichemsha mayai, akayamenya, akayakata kwa uzi wa kushonea, kwa kuzungusha uzi na kuvuta, na vile vipande vya duara vikalala juu ya kunde kama macho ya njano. Aliyegusa aligusa. Wengine walikula haraka huku wakitazama mlango. Wengine waliondoa yai na kulifunga katika kitambaa wampelekee mume. Hakumlazimisha mtu.

Ila yeye mwenyewe sikumwona akila. Wakati wa mayai alikuwa na moto wa kuchochea, au alikuwa ameshiba, au alikuwa na mtu wa kuzungumza naye nje. Na watu walijua kwamba hana mtoto. Wale wasiompenda waliunganisha mambo mawili hayo: tazama mla mayai, nyumba yake ina nini? Maneno hayo yalimfikia. Aliendelea kukata mayai.

Mimi nilikuwa nimepoteza mimba mbili. Ya tatu ilipotimiza miezi minne nilianza kuona giza nikiinama. Katika zahanati muuguzi alivuta kope yangu chini, akatikisa kichwa, akasema damu ni kidogo, nile mboga za majani, maini, na mayai. Nilirudi nyumbani nikamweleza mama mkwe. Alisema mboga nitapata, maini tutaangalia, yai halipo.

Nataka nimtendee haki mama mkwe wangu. Hakuwa mkali. Alinichotea maji siku ambazo sikuweza, jambo ambalo wakwe wengine wangelicheka. Lakini alikuwa amezika watoto wake kadhaa, akaishika miiko yote aliyopewa na waliomtangulia, na mume wangu ndiye aliyebaki. Mtu wa namna hiyo huwezi kumwambia tu kwamba miiko ni upuuzi.

Siku moja nilianguka klabuni, mbele ya jiwe la kusagia. Nilipofumbua macho nilikuwa nimelazwa juu ya benchi, na Mama Klabu ananipepea kwa sahani ya bati. Hakuuliza mengi. Alinipakia kwenye karia ya baiskeli yake, akaisukuma kwa miguu mpaka nyumbani kwetu, njia yote ya matope, na kwa mara ya kwanza breki hazikulaumiwa.

Tangu siku hiyo alikuja kila mara mvua iliporuhusu. Alileta mkate, akachuma kunde katika shamba letu wenyewe, akatengeneza jikoni kwa mama mkwe. Mama mkwe alimtazama kwa shaka, akaonja, akaomba wake ulainishwe kwa maziwa kwa sababu meno yalikuwa machache. Baada ya muda alikuwa akinyoosha shingo kutazama barabarani saa za kuja kwake. Hawakuwa na lugha ya pamoja. Mama mkwe alijua Lusamia na Kiswahili cha kununua samaki. Mama Klabu alijua Dhopadhola, lugha ya kwao, na kile kikapu chake. Nilikaa katikati yao, nikitafsiri, mate yakinijaa kwa njaa.

Kisha siku moja alikuja na mayai. Hakuyaficha. Aliyachemsha mbele ya mama mkwe, akatoa uzi wake, akakata, akapanga juu ya mkate wangu, akaweka sahani chini. Mama mkwe aliinuka, akachukua ungo, akafunika sahani.

"Mwambie mwalimu," alisema kwa Lusamia, "nimekula mkate wake, nimekula mboga zake, sina neno naye. Lakini yai halitaingia kinywani mwa mke wa mwanangu. Boma hili limezika vya kutosha."

Nilitafsiri. Nilidhani atatoa hotuba ya klabu, ile ya afya na nguvu na maendeleo. Badala yake alikaa chini sakafuni, yeye ambaye hakuwa na desturi ya kukaa wakati wa chakula, akanyoosha miguu yake yenye matope.

"Mwambie mama," alisema. "Mimi sijakula yai. Tangu nazaliwa mpaka leo, hata moja. Mama yangu alikataza, mimi nasikia. Naolewa, nasikia. Bwana ananirudisha kwetu, bado nasikia. Sasa mwambie mama: mtoto yangu iko wapi?"

Nilifungua mdomo kutafsiri. Nilifika kwenye maneno ya mama yake aliyekataza, nikakwama. Mama mkwe alinigusa goti.

"Acha," alisema. "Hilo nimelielewa."

Kuku waliingia ndani kukwepa mvua, wakazunguka miguuni mwetu, na hakuna aliyewafukuza. Mwishowe mama mkwe aliniambia nimuulize mwalimu kwa nini basi hali hata sasa, umri umekwenda, hana cha kupoteza. Niliuliza kwa aibu, maana si swali la kumwuliza mtu mzima.

Mama Klabu alitazama uzi uliokuwa bado umezungushwa kidoleni.

"Naogopa," alisema. "Kichwa inajua, moyo inakataa. Ndiyo nafundisha hawa wadogo, wasingoje kama mimi."

Hili nililitafsiri lote, mpaka mwisho.

Mama mkwe aliondoa ungo. Aliitazama ile sahani kama mtu anayetazama kaburi au kitanda cha kujifungulia, sijui. Akachota chumvi kwa vidole vyake, akainyunyiza juu ya yai, akaniletea sahani kwa mikono miwili. Kisha akageuka, akanipa mgongo, kwa sababu kuruhusu alikuwa ameruhusu lakini kuona asingeweza. Na nilipoinua macho, Mama Klabu naye alikuwa amegeuka. Hivyo ndivyo nilivyokula yai langu la kwanza, wanawake wawili wakinipa migongo na hakuna hata mmoja aliyetoka nje. Lilinikaa kooni kidogo. Ladha yake sikuipenda. Nililimaliza.

Nilizaa wakati wa kuvuna wimbi, mtoto wa kike, mzito. Sitasema ni yai, wala sitasema si yai. Muuguzi alisema ni damu, katekista alisema ni maombi, mume wangu alisema ni mimi. Naye mama mkwe, kuku mmoja mweusi alipoanza kutaga chini ya ghala aliniambia kiota kile ni changu, na kwamba yeye hataki kujua nakifanyia nini. Mama Klabu alikuja kumwona mtoto. Alinawa mikono mara mbili. Alimpokea, akamtazama uso, akamrudisha upesi kuliko watu wengine, akasema ana haraka, breki zinamsubiri.

Baadaye ofisi ilimpeleka kwingine, halafu tukasikia ameacha kazi, yuko kwao Mulanda kwa kaka yake. Klabu ilipata mwalimu mwingine, msichana mzuri, mwenye ngeli zote mahali pake. Lakini mimi nilikuwa na neno ambalo sikuwahi kumwambia yule wa kwanza. Wakati wote ule nilitafsiri maneno ya wengine, langu lilibaki.

Kwa hiyo masika moja, miaka ya sitini ikielekea kwisha, nilimchukua binti yangu, tukapanda basi mpaka Tororo, kisha jingine mpaka Mulanda. Mama mkwe alinipa kikapu cha wimbi nimpelekee. Njiani nilitunga hotuba. Nilipanga nianze na Mungu, nije kwenye afya, nimalizie na mtoto, na nimsukume mtoto mbele hapo mwisho.

Nilimkuta shambani, anapalilia karanga pamoja na wake za kaka yake. Alikuwa amekonda, kitambaa kichwani, miguu mitupu. Alinitambua kabla sijasalimu. Aliuliza habari za fundi, habari za mama, akatazama mawingu.

"Mvua inakuja," alisema, na akanipa jembe.

Tukapalilia. Mtoto alikaa ukingoni na watoto wa pale. Hotuba yangu ilikuwa ya mtu aliyesimama, na mimi nilikuwa nimeinama, kwa hiyo ilipotea kichwani. Tulipofika katikati ya mstari nilisema tu, bila kumtazama, kwamba nimekuja kusema asante. Jembe lake halikusimama.

"Mstari yako inapinda," alisema.

Nilinyoosha mstari. Tulienda hatua kadhaa. Halafu nikasikia anavuta kamasi, akajipangusa kwa mkono wenye udongo, na uso wake ukabaki na alama nyekundu shavuni ambayo hakuna aliyemwambia aifute.

Mvua ilituingiza ndani. Tulikula ugali na majani ya kunde, sahani moja, na safari hii alikaa chini pamoja nasi. Binti yangu, ambaye kwa kawaida hakuwaendea wageni, alimzunguka kwanza, kisha akamwegemea, kisha akapanda mapajani. Mama Klabu aliendelea kula kwa mkono mmoja.

Jioni ilipokaribia alitusindikiza mpaka kwenye maduka ya Mulanda, yeye amembeba mtoto mgongoni. Tulikaa kibarazani kwa mwenye duka kungojea basi. Mtoto alikuwa amelala. Alimshusha taratibu, akampakata. Tulizungumza kidogo juu ya bei ya karanga. Basi likaja, likasimama, honi ikapigwa. Niliinuka, nikanyoosha mikono nimchukue mwanangu.

"Amelala," alisema Mama Klabu.

Nilimwambia basi ndilo hilo.

"Iko ingine."

Mwenye duka aliinua macho kutoka kwenye mizani yake, akanitazama, akayarudisha. Kila mtu pale kibarazani alijua kwamba baada ya lile hakuna jingine mpaka asubuhi, na yeye aliyekwenda na kurudi katika barabara zile miaka yote alijua kuliko sisi.

Nilimwendea kondakta, nikamwomba apeleke habari kwa fundi baiskeli wa Busia kwamba tuko salama, tutafika kesho. Basi likaondoka. Niliporudi, alimsogeza mtoto kidogo kwenye mapaja yake, ili nami nipate nafasi ya kukaa.